Breka ya Chumba cha Mama

Shemeji yangu haingii nyumbani kwa mtu kama binadamu wengine. Wengine hupiga hodi, huvua viatu, huulizana habari za watoto. Yeye hodi anapiga, lakini macho yameshapanda ukutani yanatafuta kisanduku cha umeme, na kabla hajakaa ameshauliza, "Ethi yenu iko wapi?" Ethi ni ule waya unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Kwa ajili ya swali hilo mtaa mzima unamwita Mama Ethi, na jina amelipenda mpaka amelipaka kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la vifaa.

Ni dada mkubwa wa mke wangu. Siku nilipokwenda kwao kujitambulisha, watu waliniuliza kazi gani nafanya, nikasema mimi ni fundi cherehani. Wote wakaridhika. Yeye akaniuliza cherehani yangu inakula umeme kiasi gani. Nikacheka nikidhani ananitania, maana mashemeji tuna ruhusa hiyo. Akakaa ananitazama, anasubiri jibu.

Hakuanza maisha akiwa fundi. Miaka mingi alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme, akikata nyaya kwa mita na kuhesabu misumari. Mafundi walikuwa wanakuja wanaegemea kaunta: "Mama, nipe breka," yaani ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukileta hatari. Akiuliza ya ngapi, wanamwambia yoyote, ilimradi ni rahisi. Wapo waliochagua kwa kuangalia rangi ya kimkono. Jambo hilo lilimkera. Wateja wakiwa haba alikuwa anaziokota breka moja moja, anazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, anasoma maandishi madogo ya ubavuni, na kadiri alivyoyaelewa ndivyo alivyozidi kuziogopa nyumba za watu.

Alikuwa mama wa watoto wanne alipojiandikisha chuo cha ufundi, akakaa dawati moja na vijana wa rika la mwanawe wa kwanza. Mumewe, dereva wa lori na mtu wa mizaha, aliwatangazia watu kwamba mke wake amemkimbia, ameenda kuishi na umeme. Siku ya mahafali ni yeye huyo huyo aliyelia kwikwi mpaka ikabidi wamtoe nje apigwe na upepo.

Mimi haya yote niliyachukulia kama hadithi nzuri ya ukoo. Umeme kwangu ulikuwa kitu cha kuwasha na kuzima. Nilikuja kumjua shemeji yangu vizuri mwaka ambao hewa ya mama yangu ilianza kukatika.

Nyumba yetu ni ndefu na nyembamba. Mbele, kwenye dirisha la barabarani, ndipo ninaposhonea: cherehani, oveloki ya kufungia pindo za ndani, meza ya kukatia na meza ya pasi. Katikati tunalala mimi na mke wangu, kisha jiko, na nyuma kabisa ni chumba cha Mama; ukumbi mwembamba unapita kando ya vyote. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Ameshona maisha yake yote katika vumbi la nyuzi, na vumbi hilo limemlipa ubaya: mapafu yake yamechoka, na daktari alisema bila mashine hatuwezi kuyategemea. Basi akapewa mashine ya oksijeni, kitu cha bati chenye kimo cha kigoda, kinachochuja hewa ya kawaida na kumpelekea iliyo safi zaidi puani kwa mpira mwembamba. Ubavuni ina chupa ya maji ambamo hewa hupita ili isimkaushe. Umeme ukikatika, mashine inalia. Mlio wenyewe unaingia mpaka kwenye fizi.

Kisanduku chetu cha umeme, kilicho ukumbini, kilikuwa na breka ndogo za kila sehemu ya nyumba, na juu yake moja pana inayozitawala zote, ina kitufe kidogo usoni. Hiyo pana ndiyo iliyoanza vituko. Nipo katikati ya kazi, mara tap! Nyumba nzima kimya. Cherehani imekufa, friji imekufa, na kule nyuma mashine inalia. Ninatupa nguo, ninakimbia, nafungua mtungi wa oksijeni ya akiba ulio kando ya kitanda, namvalisha Mama mpira mwingine. Midomo yake inakuwa imeshaanza kubadilika rangi. Kisha ndipo ninarudi kwenye kisanduku kuinua kile kimkono.

Shemeji alikuwa safarini, ana kazi ya mabweni ya shule huko mbali. Nikamwita fundi mwingine wa karibu. Akaitazama ile breka pana, akafyonya. "Hii ni ya fujo tu, bosi wangu. Tunaitoa, tunaunga waya moja kwa moja, hutasikia tena kelele." Nilimpenda sana fundi yule. Ningemkumbatia. Mke wangu akasimama mbele ya kisanduku, mikono kiunoni.

"Hakitolewi kitu hapa mpaka Dada arudi."

"Mama yangu akikosa hewa kabla Dada yako hajarudi?"

"Mtungi upo na mimi nipo. Hakitolewi."

Tukanuniana. Mama naye, aliyekuwa anatusikia kupitia ukutani, hakutaka kuwa sababu ya ndoa kuingia doa, akaamua kulimaliza jambo kwa ufundi wake. Tulipokuwa sokoni aliuvuta mpira wake hadi ukafika kwenye ukumbi, akachukua lastiki ya sketi, akakifunga kile kimkono cha breka kisiweze kushuka. Akapiga na fundo la kishonaji, lile ambalo hata likifuliwa halifunguki.

Siku iliyofuata ninanyoosha kola, tap! Giza kwenye mashine zote. Nikakimbia, nikamshughulikia Mama, nikarudi kwenye kisanduku, nikapigwa na butwaa. Kimkono kiko juu. Kimefungwa kwa lastiki, kimesimama wima kama askari wa zamu, na umeme hakuna. Nikadhani ni mtaa mzima umekatika, lakini redio ya jirani ilikuwa inaimba. Mke wangu akaleta mkasi akaikata ile lastiki, na kimkono kikaanguka chenyewe, taratibu, mbele ya macho yetu. Nilihisi kuna mtu mle ndani.

Mama Ethi aliporudi tukamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, anajipiga mapaja. "Lastiki! Mama umenivunja mbavu!" Kisha akajifuta machozi, akatuambia jambo ambalo hadi leo nikilifikiria nasikia baridi. Alisema kile kimkono ni cha kwetu tu, ni cha kuwashia. Kinachokata kiko ndani, na kimetengenezwa makusudi ili hata ukikishika kimkono kwa mikono miwili ukiwa na nguvu za ng'ombe, kikiamua kukata kinakata.

"Waliotengeneza walijua kuna siku mtu atakifunga," alisema. "Wanatujua hao."

Sasa, mafundi wengi wangeanza kufungua skrubu. Yeye aliomba kiti. Akakiweka ukumbini, akashinda hapo anatuangalia tunavyoishi. Namwona ananifuata kwa macho nikipiga pasi. Anamwangalia mke wangu anavyofua na kupita na ndoo. Akaingia kwa Mama akakaa naye, wakapiga soga, na katikati ya soga akauliza anatokaje kitandani, anashika wapi, maji ya ile chupa anabadilisha nani. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba dada yake amekuja kupumzika. Mke wangu akanikata jicho.

"Shemeji, nimekusikia," Mama Ethi akaita kutoka chumbani. "Breka siichagulii ukuta. Naichagulia watu, na watu lazima niwaone."

Kisha ndipo akatoa kipimo chake. Akamvalisha Mama mpira wa mtungi, akazima kila kitu, akawa anawasha sehemu moja moja, chombo kimoja kimoja, amekunja uso kama daktari anayesikiliza kifua. Friji, salama. Cherehani, salama. Mashine ya Mama, salama. Akafika kwenye pasi yangu, akaiinua, akaukunja waya wake pale unapoingilia kwenye mpini.

"Njoo uone."

Gamba la waya lilikuwa limeungua na kupasuka, na mvuke ulikuwa umelowanisha mle ndani. Kila nilipoisukuma pasi kwenye kola ya mteja, umeme kidogo ulikuwa unatoroka, na breka pana ilikuwa inauona, inakata nyumba nzima. Nilikaa kwenye kigoda. Mama alikuwa anakosa hewa kwa sababu ya kola.

"Basi pasi itupwe," nikasema. "Yameisha."

"Hayajaisha. Leo pasi, kesho friji. Kwenye nyumba yenye mtu anayepumua kwa umeme, huwezi kuwafunga wote kamba moja, mmoja akijikwaa waanguke wote." Akafungua sanduku lake. "Halafu kuna jingine. Nani aliyeweka breka ya ampea arobaini kwenye waya wa soketi?"

Sikujua. Tuliikuta nyumba hivyo. Akanionyesha waya wenyewe, mwembamba, na akanifafanulia kwamba breka hailindi pasi wala friji, inalinda waya uliomo ukutani. Waya ule unaweza kubeba ishirini. Ukiupa mlinzi wa arobaini, utaungua ndani ya ukuta, mlinzi amekaa anaangalia, hajaona ubaya wowote. Niligusa ukuta kwa kiganja. Ni ukuta ambao kitanda chetu kimeegemea.

Akazipanga breka mpya kwenye meza yangu ya kukatia, kati ya chaki na mkasi, na mimi fundi wa watu nikasimama kama mteja asiyejua kitambaa. Ndogo ya taa. Ya soketi. Kubwa kidogo ya jiko. Akaniambia hata tabia zinatofautiana, na kuna herufi inayozieleza: nyingine ina hasira za haraka, nyingine ina subira. Cherehani na friji zikianza kuzunguka huvuta umeme kwa pupa kwa kitambo kidogo sana, kisha hutulia. Ukiziwekea yenye hasira itakata bure kila mara. Zinataka yenye subira, inayojua kutofautisha pupa na hatari.

"Inajuaje?" nikauliza.

"Inajua."

"Kitu hakina akili, shemeji."

"Basi kina nini?" akasema, akaendelea kupanga.

Mpango wake ulikuwa huu: ile breka pana ya wote iondoke. Kila sehemu ipewe breka yake inayofanya kazi zote mbili, kuzuia waya usizidiwe na kukamata umeme unaovuja. Pasi ikileta balaa, ianguke meza ya pasi peke yake, Mama asijue hata kama kuna lililotokea. Zilikuwa ghali, na mimi najulikana kwa mkono wa birika, lakini hapo sikusema neno. Neno nililisema alipoichukua moja ya hizo hizo na kuiweka kando, akaniambia hiyo ni ya chumba cha Mama.

"Hapana," nikasema. "Chumba cha Mama weka ile ya waya tu. Ya uvujaji sitaki. Kule sitaki kitu kinachokata."

"Kule ndiko kunakotakiwa zaidi."

"Shemeji, mimi ndiye ninayekimbia na mtungi! Mimi ndiye ninayeiona ile midomo! Unataka kumwekea mama yangu kitu cha kumkata pumzi?"

Nilipaza sauti, nakubali, na barabarani watu waligeuka. Yeye hakupaza. Akanijibu kwamba mashine ni ya bati, kitanda ni cha chuma, chupa ni ya maji, na anayelala katikati ya vyote hivyo ni mtu ambaye moyo wake hauna akiba. Nikamwambia hayo ni ya huenda, ya mtungi nimeyaona kwa macho. Mke wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, hajui ashike upande upi. Tulikuwa tumefika pale ambapo ndugu huacha kutembeleana.

Ndipo Mama akatokea mlangoni, anavuta mpira wake nyuma, ameshika fremu.

"Mnagombania pua yangu," akasema, "na pua ninayo mimi. Mwanangu, niambie hicho kidude kinafanya nini. Wewe nyamaza."

Aliyetakiwa kunyamaza ni mimi. Mama Ethi akamkalisha, akamwekea ile breka kiganjani. Akamweleza kwamba umeme huingia kwa waya mmoja, ukafanya kazi, ukarudi kwa waya wa pili. Hiki hukaa mlangoni kinapima unaoingia na unaorudi. Lazima ulingane. Ukirudi umepungua hata chembe, maana yake huko ndani umepata njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa ukuta uliolowa au yaweza kuwa mtu. Hakingoji kujua ni ipi. Kinakata kabla moyo haujapiga pigo linalofuata.

Mama alikigeuza kile kidude, akakisogeza karibu na macho kama anavyokagua mshono.

"Kwa hiyo kinapima kama ninavyopima mimi," akasema. "Kitambaa cha mteja kilichoingia na nguo iliyotoka pamoja na vipande. Kikipungua, kuna mwizi."

"Ndivyo hasa, Mama."

"Na kikikata, mimi nakosa hewa."

"Unakosa hewa. Mtungi utakuwa karibu yako, umeshaunganishwa mpira, nitakufundisha kuuwasha mwenyewe. Hewa tunaweza kukurudishia. Moyo ukisimama siwezi, na huyu mwanao hawezi."

Mama akanitazama. Nilikuwa nimeshika tama. "Niwekee," akasema, akaondoka na mpira wake.

Kazi ikafanyika, na soketi ya waya, ile ndefu ya kuchomekea mashine ya Mama, akaitundika ukutani mbali na maji ya chupa. Ilipokwisha, Mama Ethi alifanya jambo ambalo hulifanya kila nyumba: hakubali kuondoka mpaka wenye nyumba wabonyeze vitufe vya kujaribia kwa vidole vyao wenyewe. Mke wangu akabonyeza ya jiko, tap. Mimi nikabonyeza ya kwangu, tap, na nikaona aibu jinsi nilivyoruka. Mama akabonyeza ya kwake huku mtungi uko wazi. Mashine ikalia, na taa ya ukumbini ikaendelea kuwaka, taa ya cherehani yangu ikaendelea kuwaka, friji ikaendelea kunguruma. Mama akacheka kama msichana. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilikaa na hasira hiyo wiki nyingi. Umeme haukukatika hata mara moja, na mimi badala ya kushukuru nilikuwa ninasubiri ukatike ili niseme niliwaambia.

Ukakatika asubuhi moja, nikiwa napachika mkono wa koti. Niliusikia mlio kutoka nyuma. Cherehani yangu ilikuwa bado inakwenda, pasi inawaka, taa inawaka. Ni kule tu. Nilikimbia huku namtukana Mama Ethi kwa sauti, yeye na chuo chake na kipimo chake, nikaufungua mlango kwa bega.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshaufungua mtungi, mpira uko puani. Nguo yake ilikuwa imelowa mapajani. Mama ni Mama: alikuwa ameiteremsha soketi ya waya kutoka pale shemeji alipoitundika, akailaza juu ya kitanda ili achomeke taa ya kushonea vifungo kwa siri, maana tulimkataza kazi. Kisha akataka kubadilisha maji ya chupa mwenyewe. Chupa ilikuwa imepinduka juu ya soketi, maji yanatiririka kwenye chuma cha kitanda, na mkono wake wa kulia alikuwa ameukumbatia kifuani kama ndege aliyeumia.

"Usiguse kitanda," akaniambia.

"Kimekufa, Mama. Umeme hakuna."

"Najua hakuna. Ulinishika." Akaufungua mkono, akautazama kiganja, akaufunga tena. "Ulinishika, mwanangu, mpaka kwenye bega. Nikasema nimekwisha. Nikawa bado nasema, ukaniachia."

Nilitoka nikaenda mpaka kwenye kisanduku ukumbini. Vimikono vingine vyote vilikuwa juu, na kimoja, cha chumba cha Mama, kilikuwa chini. Nimeshona nguo za maharusi na za maiti, nimeona watoto wakizaliwa, na sijawahi kusimama mbele ya kitu nikahisi nilivyohisi pale. Kipande cha plastiki kisichozidi kiberiti kilikuwa kimepima kilichoingia na kilichotoka kwenye mwili wa mama yangu, kikaona upungufu, kikaamua. Nilitaka kukigusa nikaogopa. Nilikiamkia. Mke wangu ni shahidi, alinikuta nimesimama ukumbini ninamwambia breka shikamoo.

Niliporudi chumbani Mama alikuwa amepata pumzi, na rangi ya midomo ilikuwa njema.

"Mpigie simu yule mwanamke," akasema.

"Nimwambie nini, Mama? Nimemtukana njia nzima."

"Hajakusikia. Mwambie imekata, nami nipo."

Nikampigia. Nikasema maneno hayo hayo, sikuongeza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za nyundo, kisha nikasikia anawaambia watu waache kugonga. Akauliza kama Mama amelowa maji, akasema mtu yeyote asirudishe kile kimkono, yuko njiani, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.